Njia Moja, Treni Moja: Jinsi Treni Zinavyoongozwa Kati ya Kigoma na Tabora

Abiria anayetoka Kigoma hukosa subira treni inaposimama muda mrefu kwenye stesheni ndogo kama Luiche au Nguruka. Hakuna anayepanda, hakuna anayeshuka, na kichwa cha treni kinanguruma tu. Mara nyingi sababu iko mbele: treni nyingine inakuja, na reli ni hiyo hiyo moja.

Reli ya Kati imeishi hivyo tangu mwanzo. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914, safari ya kilomita zipatazo 1,250. Mataruma waliyatengeneza kwa chuma, maana mti ungeliwa na mchwa. Ujiji, mji mkongwe wa misafara ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, uliachwa kando kwa umbali wa kilomita chache tu. Ufuko wake hauna kina wala kinga ya upepo. Ghuba ya Kigoma inavyo vyote viwili, na reli ilikuwa inaitafuta meli. Vipande vya meli ya Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, vililetwa kwa reli hiyo vikiwa kwenye masanduku, vikaungwa Kigoma, na mwaka 1915 meli ikashushwa majini. Tangu 1927 inaitwa Liemba.

Sasa, kwenye njia moja, treni mbili zitapitaje bila kugongana? Jibu ni kuigawa reli vipande, kutoka stesheni hadi stesheni, na kuruhusu treni moja tu katika kila kipande. Stesheni masta haachii treni mpaka amwulize mwenzake wa mbele kama njia iko wazi. Mwenzake akikubali, wote wawili wanaandika kitabuni, na saa yake. Dereva naye hupewa kitu cha kushika mkononi: ama tokeni, kipande cha chuma kinachotoka kwenye mashine, ama karatasi ya laini klia yenye namba ya treni na sahihi. Bila hicho haondoki, hata kama anaiona reli tupu hadi upeo wa macho. Mashine za tokeni za stesheni mbili jirani zimefungamana kwa umeme. Ikitoka tokeni moja, nyingine haitoki mpaka ya kwanza irudishwe. Karatasi haina ulinzi huo. Hapo usalama wa mamia ya watu unategemea kitabu na uaminifu wa mtu mmoja anayekesha na simu usiku kucha, na sidhani kama tumewahi kumheshimu mtu huyo inavyostahili.

Mpenzi wa reli atazame pia mkia wa treni. Behewa la mwisho hubeba alama, na usiku taa. Treni inapoingia, stesheni masta huitafuta alama hiyo kabla hajatangaza kwamba njia imefunguka. Asipoiona, huenda mabehewa yamekatika na kubaki nyuma porini, na kipande kile hakiruhusiwi kupokea treni nyingine.

Kisha kuna breki. Bomba moja hupita chini ya treni yote, kutoka injini hadi kwa gadi, msimamizi wa treni anayekaa nyuma. Likikatika, breki zinapaswa kujifunga zenyewe. Ndiyo maana zinapimwa kabla ya kuondoka: dereva anazifunga na kuzifungua, na gadi kule nyuma anathibitisha kwamba nguvu imefika. Ndipo inapopeperushwa bendera ya kijani.

Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilianza kurudi nyuma. Breki hazikuizuia. Iliteremka ikishika kasi hadi ikaigonga treni ya mizigo, na watu 281 wakafa. Sheria za reli zinazoonekana za kuchosha zinasomeka tofauti kabisa baada ya kuikumbuka siku hiyo.

Waendeshaji wamebadilika mara nyingi: Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki mwaka 1948, Shirika la Reli Tanzania (TRC) mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, kampuni ya TRL mwaka 2007, kisha TRC tena mwaka 2017. Kanuni ya treni moja katika kipande kimoja haikuguswa na yeyote kati yao.

Hata reli mpya ya geji ya kimataifa (SGR) inaitii. Mkataba wa kujenga kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma, ambako treni za umeme zilianza kubeba abiria mwaka 2024, dereva hupata ruhusa kwenye skrini kwa njia ya redio, na akipitiliza, mfumo wenyewe hufunga breki. Kabla teknolojia hiyo haijafika Ziwa Tanganyika, vitabu vya stesheni, taa za gadi na mashine za tokeni zikusanywe. Jengo la stesheni ya Kigoma, lililojengwa na Wajerumani wale wale, lina hadhi ya kuvihifadhi.