Viumbe wa Topeni na Kazi ya Umeme

Somo letu la leo ni historia ya kuchagua bakteria, yaani viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ili watupatie umeme.

Ninyi mlioko Pangani mnalijua tope la mikokoni. Lichimbe kidogo, utakuta jeusi, lanuka kama yai viza. Humo hewa haifiki, lakini bakteria wamo, wanakula majani yaliyooza. Likumbukeni tope hilo.

Mwaka 1911, Michael Cresse Potter, mwalimu wa elimu ya mimea huko Uingereza, alionyesha kuwa viumbe wadogo wakila sukari hutoa umeme. Lakini ulikuwa kidogo mno. Bakteria wengi hawawezi kuutoa nje ya miili yao.

Mwaka 1987, Derek Lovley na wenzake walieleza habari za bakteria aliyetoka katika tope la mto Potomac, Marekani. Baadaye aliitwa Geobacter. Sisi twavuta hewa. Yeye, pasipo hewa, hutumia kutu ya chuma. Akila, huipa kutu hiyo chembe za umeme. Badala ya kutu, mwekee kijiti cha kaboni, kama kile cheusi kilicho ndani ya betri ya tochi. Kifunge waya uendao kwenye kijiti kingine kinachopata hewa. Umeme utapita.

Je, tumchague yeye peke yake? Katika maji machafu, hapana. Geobacter hali kila kitu. Lazima wengine wauvunje uchafu kwanza, naye ale wanachobakiza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo mafundi huweka bakteria wa namna nyingi pamoja.

Mwaka 2017, wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Bristol, Uingereza, waliweka mitambo ya namna hii katika shule ya wasichana huko Kisoro, Uganda. Bakteria walikula mkojo, na taa za choo zikawaka. Umeme huo ni mdogo, haupiki ugali. Lakini msichana aliyekwenda chooni usiku aliona njia, wala hakuogopa giza.

Basi, kabla ya kuchagua bakteria, uliza mambo matatu: Anaishi wapi? Anakula nini? Aweza kuutoa umeme nje ya mwili wake?

Sasa jadilianeni darasani: kwa nini bakteria wa kazi hii hutafutwa topeni, wala si juu ya mchanga mkavu?