Difu ya pikapu ya abti imebeba historia ya NFD

Wiki mbili zilizopita abti wangu alinipigia simu kutoka Garissa na hasira za mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Pikapu yake, Land Cruiser kuukuu yenye injini ya 1HZ, ilikuwa imezama kwenye mchanga njia ya Balambala ikiwa na tangi la maji. Akaweka 4x4, akatoka. Kabla hajaitoa 4x4, akaingia kwenye ardhi ngumu, akasikia mlio kama mtu amepiga sufuria na nyundo. Ile gia boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma ilikuwa imekufa. Fundi alipoingia chini kuchunguza zaidi akakuta maajabu: difu ya mbele ni 4.11, ya nyuma ni 3.70. Mwenye gari wa kwanza alibadilisha ya nyuma peke yake, akauza gari, akanyamaza kimya.

Najua wengi wenu hamjawahi kulala chini ya gari, kwa hivyo wacha nieleze haraka. Difu ni kile kitu cha chuma kama boga katikati ya ekseli. Ndani kuna gia kubwa, krauni, na ndogo, pinioni. Kwa gari ya abti krauni ina meno 37 na pinioni meno 9. Gawanya 37 kwa 9, unapata 4.11. Maana yake propela inazunguka mara nne na kidogo ndio tairi izunguke mara moja. Hiyo ndiyo mafundi wanaita reshio. Namba ikiwa kubwa, gari ina nguvu ya kuvuta lakini injini inapiga kelele mapema. Namba ikiwa ndogo, gari inateleza poa kwa lami lakini ikipewa mzigo kwa mchanga inaanza kulia. Na kama gari ni 4x4, mbele na nyuma lazima zilingane. Zisipolingana, ekseli moja inataka kwenda haraka kuliko nyingine, na kwa ardhi ngumu tairi haziwezi kuteleza kidogo kuficha hiyo tofauti. Kitu lazima kivunjike.

Sasa abti ana chaguo moja tu la kufanya: arudishe 4.11 nyuma kama gari ilivyotoka kiwandani, au aweke 3.70 mbele pia. Fundi anataka 3.70. Binamu zangu wote wanataka 3.70. Sababu yao ni moja, na wanaisema kama wimbo: "Sahii kuna lami." Na mimi, mtoto wa Nairobi, nilikuwa upande wao kabisa. Halafu nikajiuliza swali la kijinga: kwani nani aliamua mwanzoni gari za huko ziwe na namba kubwa?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1902 serikali ya Mwingereza ilipitisha sheria ya kufunga wilaya za pembezoni, na kaskazini ikafungwa. 1934 wakaongeza nyingine ya kubana zaidi. Kuingia au kutoka Northern Frontier District ulihitaji kibali. Eneo ambalo mtu haruhusiwi kuingia bila karatasi halijengewi barabara. Linatengenezewa njia za kupitisha doria. Polisi wa huko, Dubas wenye vilemba vyekundu, walizunguka na ngamia, na kusema kweli ngamia ndiye gari ya kwanza ya eneo hilo iliyokuwa na reshio sahihi.

Halafu Aprili 1948 Land Rover ikazinduliwa Amsterdam, na miaka ya 50 ikawa ndiyo gari ya mabwana DC huko juu. Zile Series II na III ambazo babu zetu walizijua zilikuwa na difu ya 4.7. Namba kubwa hiyo, mazee. Ukienda kilomita 80 kwa saa na tairi ya kimo cha sentimita 80 hivi, injini inapiga karibu mizunguko 2,500 kwa dakika, na hapo uko gia ya mwisho, hakuna pa kukimbilia. Mwaka 1970 kampuni hiyohiyo ikatoa Range Rover, na hiyo wakaipa 3.54. Mwendo uleule, mizunguko inashuka mpaka chini kidogo ya 1,900. Range Rover ilitengenezwa ikijua kuna barabara kuu za lami Uingereza. Series ilitengenezwa ikijua kuna matope ya shamba, na ndiyo iliyotufikia sisi. Mhandisi hakuwa na ubaya na mtu. Alisoma barabara, akaandika namba.

Swali ni kwa nini barabara yenyewe haikubadilika baada ya uhuru, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Desemba 28, 1963, siku 16 tu baada ya bendera kupanda, serikali ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Vita vya Shifta vikaendelea mpaka makubaliano ya Arusha mwaka 1967. Mabomu yalitegwa njiani, vijiji vikazungushiwa ulinzi, mifugo ikaisha. Katikati ya hayo yote, 1965, Nairobi ikatoa Waraka namba 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Tunaufundishwa shuleni kama kitu kizuri cha kukariri. Ndani yake kuna hoja kwamba pesa za maendeleo ziende kule zitakakozaa haraka zaidi: kwenye ardhi nzuri, mvua nzuri, reli na barabara ambazo tayari zipo. Yaani aliye na barabara aongezewe barabara. Sheria za hali ya hatari zenyewe zilikaa mpaka 1991. Ndiyo maana kwa miongo mingi ukitoka Nairobi lami ilikufikisha Garissa, ukivuka mji, imekwisha. Mbele ni Modogashe, Habaswein, Wajir, Mandera, mchanga na vumbi, na mvua ikinyesha basi ni ule udongo mweusi unaoshika tairi kama unga wa ugali. Wazee wa huko mpaka leo wakirudi kutoka Nairobi wanasema "nimetoka Kenya". Watu hucheka. Mimi nimeacha kucheka.

Hao ndio watu walionunua Land Cruiser. Ile familia ya 70 ilianza 1984, injini ya 1HZ ikaja 1990: lita 4.2, silinda 6, dizeli, haina turbo, haina haraka. Mwaka uliofuata Somalia ikaanguka, kambi za Dadaab zikafunguliwa, na Land Cruiser nyeupe za mashirika zikajaa barabara ya Garissa. Zikizeeka zinapigwa mnada, zinapakwa rangi, zinaanza maisha ya pili zikibeba maji, mbuzi na bibi harusi.

Rudi sasa kwa hesabu ya abti. Kwa kilomita 80 kwa gia ya 4, difu ya 4.11 inaipa injini yake karibu mizunguko 2,200, na hapo ndipo 1HZ inavuta vizuri kuliko popote. Ukiweka 3.70 inashuka karibu 2,000. Inasikika tamu, kelele inapungua. Lakini umetoa asilimia 10 ya nguvu ya kuvuta kwa kila gia, pamoja na gia ya kwanza, ile ya kutoka mchangani na tangi limejaa. Dereva atarudi gia ya 3 kila mara, na ile dizeli uliyofikiria umeokoa inachomekea hapo. Tena spidomita inaanza kudanganya: inasoma 80, wewe uko karibu 89. Waelezee polisi wa njia ya Mwingi historia ya difu yako uone.

Na hiyo lami? Ni kweli inakuja. Barabara ya kutoka Isiolo kupitia Wajir mpaka Mandera, zaidi ya kilomita 700, inajengwa kwa vipande, na Benki ya Dunia iliidhinisha pesa zake 2020. Nafurahi kama mtu yeyote. Lakini mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya Aprili 2024 yalikata hata ile lami ya zamani kati ya Garissa na Nairobi, watu wakavuka kwa boti. Na abti hauzi maji kwa watu wanaoishi kando ya lami. Anauza kwa wale ambao lami haijawafikia, na bado haiko kwenye ramani ya kuwafikia. Kwa gari ya kazi unachagua reshio ya kilomita mbaya kabisa ya safari yako. Kama kazi yake ingekuwa kubeba miraa kukimbiza soko la asubuhi, ningemwambia 3.70 zote mbili bila kufikiria. Sio kazi yake.

Nilimpigia nikamwambia hayo yote, na Waraka namba 10 ndani. Akasikiliza, akaguna. "Kwa hivyo unasema nirudishe?"

"Rudisha, abti."

Alipata difu ya 4.11 kwa gari iliyogongwa, na akapata gia boksi ndogo ya mtumba. Kabla ya kumlipa fundi nilimlazimisha tupime kwa video, maana tumeshachomwa mara moja. Wakainua tairi zote mbili za nyuma, gia ikiwa huru, wakaweka alama ya chaki kwa propela na kwa tairi. Binamu yangu akazungusha tairi zote mbili pamoja, polepole, mzunguko mmoja kamili. Abti amelala chini na tochi mdomoni, anahesabu kwa vidole ili nione. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Chaki ikapita kidogo, ikasimama.