Nduthi ya Guka Imeshika Injini? Weka Nyundo Chini Kwanza

Nduthi za kitambo zimerudi kwa form. Ile Honda CG125 iliyolala shagz kwa stoo, kuku wakitagia kwa kiti, sasa inabebwa na pikapu hadi Nairobi ndio iwekwe luku mpya. Kasheshe huanza ukikanyaga kiki. Haiendi hata kidogo. Hapo ndipo kila msee mtaani anageuka fundi: mmoja anataka ivutwe na gari ikiwa kwa giya, mwingine ashakuja na nyundo.

Usikubali. Ukiirukia kiki ya injini iliyoshika, unaweza kung'oa meno ya giya za kiki, na hizo ziko ndani, si kitu ya kubadilisha kwa dakika tano. Ukiivuta, gurudumu la nyuma linafunga na unaweza kujipata kwa lami. Na bodi ya injini ikipasuka, umejiletea stori ya karatasi pia. Namba ya injini imechapwa hapo na iko kwa logibuku, so ukiweka bodi ya nduthi ingine lazima NTSA wajue.

Kwanza elewa ni nini imeshika. Pistoni ni ya alumini, lakini inatembea ndani ya silinda ya chuma, na ringi zake ni za chuma pia. Unyevu ukiingia kupitia tundu la plagi au ekzosi, kutu inashikanisha ringi na silinda. Hiyo ndiyo hali ya nduthi nyingi zilizolala, na inatibika. Lakini kama ilizima ikiwa mbio, imechemka au imekauka oili, basi alumini ya pistoni imejipaka kwa silinda. Hapo mafuta hayatafanya maajabu. Jipange kufungua tu.

Pia hakikisha si kiki yenyewe imekwama. Weka nduthi nyutro, fungua kifuniko cha magneto, halafu ushike nati ya krenki na spana ya boksi. Ikikataa kutikisika, shida ni ya ukweli.

Sasa toa plagi, mimina mafuta. Mchanganyiko unaopendwa sana ni nusu ATF, ile oili ya giya za otomatiki, na nusu asetoni. Hivi viwili havipendi kukaa pamoja, so tikisa chupa kila wakati unapomimina, na usivute fegi karibu kwa sababu asetoni inashika moto haraka. Huna doo? Dizeli inafanya kazi, ni polepole tu. Weka vijiko kadhaa, rudi kesho, angalia. Kama mafuta yamepungua, furahi: yanapita kwa ringi. Ongeza tena. Hii inaweza kuchukua siku tatu, inaweza kuchukua wiki mbili, na wengi huharibu kazi siku ya pili kwa kukosa subira.

Baada ya siku kadhaa, weka giya ya juu kabisa na utikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma, pole pole. Giya ya juu ndiyo inakupa nguvu zaidi juu ya krenki ukizungusha kutoka kwa gurudumu. Lengo ni kuisongesha hata milimita moja. Ikishasonga hivyo, mafuta yanaingia pale hayakuwa yamefika, na kesho itasonga zaidi.

Imekataa bado? Kuna njia ya grisi, na hii ni moto. Chukua plagi kuukuu, vunja kaure yake, welda achomelee nipo ya grisi hapo. Legeza skrubu za kurekebisha valvu ndio zote mbili zifunge, fungia plagi yako, halafu piga grisi na bomba. Grisi haibanwi kama hewa, so pistoni inasukumwa sawasawa kila upande. Kichwa cha injini kibaki kimefungwa. Kama pistoni iko juu kabisa au chini kabisa, usilazimishe, maana hapo krenki haigeuki kwa kusukumwa. Na kwa injini ya two-stroke sahau hii, grisi itatokea kwa matundu ya silinda.

Ukifungua kichwa, gonga pistoni ukitumia kipande cha mti mgumu cha mviringo, chembamba kidogo kuliko silinda. Ya CG ni milimita 56.5. Gonga kidogo, mimina mafuta, ngoja. Usiwahi kuchokonoa mapezi ya silinda na bisibisi. Yanakatika kama biskuti.

Bolti nazo zina tabia zao. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma ikipashwa moto, so bolti ya chuma iliyokwama kwa bodi ya alumini, pasha bodi, si bolti. Nati za ekzosi pasha nati yenyewe kisha gusisha mshumaa. Nta inayeyuka na kuvutwa ndani ya uzi. Kabla ya moto wowote, toa tangi na kabureta. Na usitumie dawa ya kusafisha breki yenye klorini karibu na welding: ikiungua inatoa gesi ya fosjini, na hiyo inaua.

Skrubu za Kijapani zinafanana na Phillips lakini si sawa. Ni za JIS, na bisibisi ya kawaida inaruka na kula kichwa. Tafuta bisibisi ya JIS, ama ile ya kupigwa na nyundo. Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, uliza duka kwa duka.

Siku itazunguka, utatamani kuiwasha hapo hapo. Acha. Vumbi la kutu limebaki kwa silinda na litaikwaruza. Mafuta uliyomimina pia yameshuka kwa oili, so imwage yote. Toa silinda, angalia ringi, halafu fundi wa mashine aipime, Kariobangi Light Industries wako wengi. Kama kutu imechimba, silinda inachongwa upya na unanunua pistoni kubwa kidogo, 0.25 ama 0.50. Fungua klachi pia, maana sahani zake hugandana zikilala miaka.