Sembe ya 1984, Mabati ya Bibi

Watu wa umri wa mama yangu wakitaja mwaka 1984 hawaanzi na siasa, wanaanza na sembe. Bajeti ya mwaka ule iliondoa ruzuku ya unga wa mahindi Tanzania, na bei ikapaa. Ila tuseme ukweli: ruzuku ile ilikuwa zaidi ya watu wa mjini. Mkulima wa mtama na uwele kule ilipo leo wilaya ya Chamwino hata hakuinusa.

Mwaka 1986 tukatia saini na IMF, kisha ukaja msamiati mpya: kuchangia gharama. Hospitali changia, shule changia. Kaya isiyo na kitu ikachangia nini sasa?

TASAF ilianza mwaka 2000, na mwanzoni haikugawa pesa kama wengi wanavyodhani. Ilijenga madarasa, zahanati, visima. Pesa mkononi zilijaribiwa kuanzia Januari 2010 katika vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, kwa masharti: mtoto ahudhurie shule angalau asilimia 80, mzee aende kliniki japo mara moja kwa mwaka. Wapo waliosema zitaishia kilabuni. Walipokuja kupima, wakakuta kaya zimejiunga na bima ya CHF, watoto wamenunuliwa viatu, na uani kuna kuku na mbuzi. Kwangu mimi viatu ndiyo habari kubwa. Agosti 2012 mpango ukazinduliwa kitaifa, na baadaye ukafikia kaya zaidi ya milioni moja.

Lakini mpango huanzia kwenye orodha. Majina hutajwa mkutanoni, mbele ya majirani, halafu maofisa hupita na dodoso: paa ni la nini, sakafu ni ya nini. Kijijini kwetu kuna bibi mmoja aliyelea wajukuu wanne. Mwanawe alimwezekea mabati kabla hajafariki. Mkutano ulimtaja bila ubishi, dodoso likamtoa.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "hivi bati linapikwa na chumvi au bila chumvi?"

Nilicheka, naye akacheka. Mjukuu wake mkubwa aliacha shule mwaka uleule akaenda kuchunga ng'ombe wa watu. Jirani yake wa nyumba ya nyasi, aliyeandikwa, alikuwa akimgawia unga kila siku ya malipo.