Joto la Arua na Koboko: Ni wakati gani mkimbiaji ajitoe mbioni?

Mkimbiaji anayejitoa katika mbio za barabarani kwa sababu ya joto huandikwa kwenye orodha ya matokeo kuwa hakumaliza, basi. Sababu haitajwi. Katika eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, sababu hiyo ina uzito kuliko matokeo yenyewe, hasa katika kiangazi cha Desemba hadi Machi. Mwili ukishindwa kutoa joto lake, anayeendelea kukimbia anaweza kufa, na akili anayoitegemea kuamua kusimama huvurugika mapema.

Arua, iliyopata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, na Koboko, mji ulio karibu na mahali inapokutana mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zimeunganishwa na barabara ya lami inayotoka Vurra hadi Oraba, kilomita 92. Lami hiyo imewafaa wafanyabiashara na madereva wa malori. Mkimbiaji naye huipenda kwa kuwa ni laini kuliko murami, lakini ni nyeusi, hufyonza jua tangu asubuhi na kulirudisha miguuni. Kipimo cha joto kinachotangazwa redioni huchukuliwa kivulini, juu ya ardhi; anayekimbia katikati ya barabara yuko katika joto jingine kabisa. Miji yote miwili iko kaskazini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Machi jua la saa sita mchana hupita karibu juu ya utosi, na kivuli cha miti ya kando ya njia hakimfikii mtu.

Ng'ambo ya mpaka hali imekuwa mbaya zaidi. Mwezi Machi 2024, serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule ikitarajia joto la hadi nyuzi 45 za Selsiasi. Februari 2025 ilizifunga tena kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzimia mjini Juba. Koboko iko juu kuliko Juba na haina joto la namna hiyo, lakini wanafunzi wale walikuwa wameketi darasani, hawakuwa wakikimbia.

Sifa ya Uganda katika riadha inaweza kumpotosha mwenyeji wa Arua. Mabingwa wengi wa nchi hiyo wametoka Sebei, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako asubuhi huwa na baridi. Mazoezi ya mlimani hujenga moyo na damu. Hayamzoeshi mtu joto. Mwili huhitaji takriban siku 10 hadi 14 za mazoezi ya taratibu katika joto ili uanze kutoa jasho mapema na kwa wingi unaofaa. Anayeshuka kutoka Kapchorwa na kufika Arua usiku wa kuamkia mashindano hana siku hizo, hata kama ana medali nyumbani.

Waganda waliwahi kuliona jambo hili kwa macho yao. Tarehe 26 Machi 2017, katika Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika yaliyofanyika Kololo, Kampala, siku yenye joto na unyevu, Joshua Cheptegei aliongoza mbio za kilomita 10 mbele ya watu wake. Katika mzunguko wa mwisho miguu ilimkataa. Alianza kuyumba, akapitwa na Mkenya Geoffrey Kamworor aliyeshinda, na mwishowe akafika wa 30. Cheptegei alipona na baadaye akavunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 mwaka 2020. Si kila mkimbiaji anayeyumba hupata nafasi hiyo ya kupona.

Wenye nguvu pia hujitoa

Mjini Beijing, Agosti 2015, Dennis Kimetto wa Kenya, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:02:57, alijitoa katika mbio za ubingwa wa dunia. Mwenzake Wilson Kipsang alijitoa pia. Mganda Munyo Solomon Mutai, ambaye muda wake bora haukukaribia wa wawili hao, alimaliza kwa 2:13:30 na kupata medali ya shaba.

Doha, Septemba 2019, waandaaji walianzisha marathoni ya wanawake saa sita usiku kasoro dakika moja ili kulikwepa jua. Joto la usiku lilizidi nyuzi 30 na unyevu ulikuwa mwingi. Kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa 2:32:43, mwendo wa pole kwa mwanariadha wa kiwango chake. Baada ya Doha, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliihamisha marathoni ya Olimpiki kutoka Tokyo kwenda Sapporo, kaskazini mwa Japani. Huko nako, Agosti 2021, mbio za wanawake zilisogezwa kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili kwa hofu ya joto. Chepngetich alikuwa miongoni mwa waliojitoa.

Umbali mfupi si kinga. Mbio za Falmouth, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, hukimbiwa kila Agosti kwa kilomita 11 na ushei tu, na zinajulikana kwa madaktari wa michezo duniani kote kwa sababu ya wingi wa wagonjwa wa joto. Sababu ni kwamba katika mbio fupi watu hukimbia kwa kasi zaidi. Takriban robo tatu ya nguvu inayotumiwa na misuli hugeuka joto, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo tanuri linavyochochewa.

Jasho hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Linalodondoka chini limepotea bure. Katika masika unyevu hulizuia kukauka. Katika kiangazi cha West Nile hewa ni kavu, jasho hupotea papo hapo, na mkimbiaji hujiona mkavu asijue maji mengi kiasi gani yamemtoka.

Dalili za kusimama

Madaktari huita hali ya hatari kiharusi cha joto. Jina hilo huwachanganya wasikilizaji, kwa kuwa kiharusi kwa kawaida ni ugonjwa wa kupooza unaoanzia kwenye mishipa ya ubongo. Hapa kinachokusudiwa ni joto la ndani ya mwili kuzidi nyuzi 40 pamoja na kuvurugika kwa akili. Kabla ya kufika huko, mwili hutoa taarifa: kichwa kuuma, kichefuchefu, vipele vya baridi na kutetemeka juani, kizunguzungu, miguu kutotii. Anayesikia baridi katika jua la Arua hana sababu ya kungoja dalili ya pili.

Kosa la kawaida ni kutazama ngozi. Wengi hufundishwa kwamba mgonjwa wa joto huwa mkavu, ilhali mkimbiaji aliyezidiwa mara nyingi bado anatiririka jasho. Cha kutazama ni akili yake. Aulizwe jina lake, yuko wapi, leo ni siku gani. Na aulizwe kwa lugha anayoimudu vizuri zaidi, iwe Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili cha wakimbizi wa Kongo walioko makazi ya Lobule, Koboko. Jibu la ovyo kwa Kiingereza linaweza kuwa ugeni wa lugha tu. Jibu la ovyo kwa lugha ya mama ni hatari.

Mtu huyo apozwe kwanza, kisha apelekwe hospitali. Kumpakia kwenye bodaboda na kumkimbiza mjini akiwa bado anawaka ni kupoteza dakika zinazookoa maisha; lengo ni kulishusha joto ndani ya nusu saa. Huko Falmouth, wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto walitibiwa kwa kuzamishwa katika maji ya barafu katika kipindi cha miaka 18, na hakuna aliyekufa. Barafu ni adimu kando ya barabara ya Koboko, lakini turubai si adimu. Mgonjwa hulazwa juu ya turubai, watu kadhaa huinua kingo zake, madumu ya maji ya kisima humiminwa ndani, na maji hutikiswa yampitie mwilini. Pasipo turubai, avuliwe nguo za juu, alowanishwe mfululizo kivulini na kupepewa kwa kitenge. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Maji ya kunywa yana mpaka wake. Kunywa lita nyingi bila kiu huifanya chumvi ya damu ipungue, na hali hiyo nayo huua. Kiu ni kipimo cha kutosha kwa wakimbiaji wengi.

Kwa West Nile liko jambo moja zaidi, ambalo miongozo ya nchi za baridi hailitaji: malaria. Aliyekuwa na homa wiki hiyo, au aliyeharisha, huanza mbio akiwa tayari na upungufu. Kwake uamuzi wa kujitoa unafaa kufanywa kitandani, kabla hajafunga namba kifuani.

Aliyejitoa mapema, akakaa kivulini na kujitambua, kwa kawaida hurudi mazoezini baada ya siku chache. Aliyepatwa na kiharusi chenyewe hupumzika kwa wiki moja au zaidi, hupimwa figo na ini, kisha huanza upya polepole, asubuhi na mapema, kwa umbali mfupi, akiwa na mwenzake wa kumtazama.