Alama za Karakana ya Tabora

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, sarafu za koloni la Wajerumani Afrika Mashariki zililetwa kwa meli kutoka Ulaya. Zenye herufi A ziligongwa Berlin, zenye J Hamburg. Vita vilipopamba moto, manowari za Waingereza zikaifunga pwani na sarafu zikaadimika. Mwaka 1916 Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha, na herufi T ikaonekana kwa mara ya kwanza.

Wapenzi wa sarafu huisifu zaidi ile ya rupia 15, iliyogongwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke na kupambwa kwa tembo mwenye milima nyuma yake. Lakini anayetaka kuiona kazi ya mafundi wa Tabora ilivyokuwa, aishike sarafu ya heller 20, ile ya shaba nyekundu au ya shaba ya manjano. Taji lake mara ni kubwa, mara ni dogo. Herufi L katika neno HELLER mara zimekunja ncha, mara zimechongoka. Hizo si dalili za sarafu bandia. Mihuri iliyotumika ilikuwa zaidi ya mmoja, na kila mmoja ulichongwa kivyake.

Mihuri hiyo ilichoka, ikapasuka, na kazi ikaendelea. Hapo ndipo penye ushahidi mzito kuliko wote wa kazi yao.

Muhuri wa chuma huchongwa kinyume: panapotakiwa herufi iinuke juu ya sarafu, fundi huchimba. Kwa hiyo muhuri ukipata ufa, shaba husukumwa ndani ya ufa ule chini ya shinikizo la mashine, na sarafu hutoka na mstari mwembamba ulioinuka, mara nyingi ukianzia ukingoni na kukatiza kwenye herufi. Mkwaruzo wa msumari, jembe au kisu ni kinyume chake: huzama ndani na kuacha kingo zilizovimba kwa shaba iliyosukumwa pembeni. Inueni sarafu kwenye mwanga wa ubavuni, mwangalie kwa lenzi. Tofauti hii huonekana bila ubishi.

Kugongwa hafifu nako huwapoteza wengi, wakadhani ni kuchakaa. Sarafu iliyochakaa mikononi mwa watu hulika kwanza sehemu zilizoinuka, na hapo huwa laini. Iliyogongwa hafifu inaweza kukosa herufi upande mmoja huku ncha za taji zikiwa bado kali, na pale palipokosekana herufi hubaki ule ukwaru wa bamba la shaba kabla halijaguswa na muhuri.

Kanuni ya kwamba kasoro ya muhuri huinuka juu ya sarafu haihusu Tabora peke yake. Mwaka 1937, huko Denver, Marekani, fundi aliung'arisha mno muhuri wa sarafu ya senti tano yenye picha ya nyati, na mguu mmoja wa mbele ukatoweka, ikabaki kwato. Walaghai wakaanza kukwangua mguu kwenye sarafu za kawaida ili wauze ghali. Lakini sarafu ya kweli ina mfululizo wa vitone vilivyoinuka kutoka tumboni mwa nyati hadi ardhini, na kukwangua hakuwezi kuinua vitone kama hivyo.

Karakana ya Tabora haikufanya kazi muda mrefu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini. Kwa sababu hiyo, kila heller 20 yenye T na ufa wake ni sehemu ya kumbukumbu za mji ule.

Basi mwenye kuikuta moja katika sanduku la bibi asiisugue kwa limau, majivu wala mchanga. Msuguo huo huondoa ukwaru wa bamba na kulainisha mistari ya nyufa, na ushahidi ukishafutwa hakuna fundi wa kuurudisha. Aifunge katika karatasi kavu jinsi ilivyo, aipeleke kwa anayezijua sarafu.