HUU USHURU UMEANDIKWA WAPI? Namna ya kusoma sheria ndogo, Ifakara na bonde zima la Kilombero



Kuna swali tunaulizana kila siku sokoni, stendi na kwenye vijiwe vya bodaboda: "Hivi hii hela tunayotozwa imeandikwa wapi?" Mama ntilie anajua kiasi, mwenye genge anajua kiasi, dereva wa Fuso la mpunga naye anajua kiasi. Ila ukiuliza kifungu, kimya.

Jibu lipo, tena kwa Kiswahili. Zinaitwa sheria ndogo za halmashauri. Usipozijua mawili yanaweza kukukuta: kulipa kisichotakiwa, au kugomea kinachotakiwa ukaishia Mahakama ya Mwanzo. Yote hasara. Twende taratibu.

1. JUA UKO KWENYE HALMASHAURI IPI

Hapa wengi ndipo tunapochemsha. Wilaya ya Kilombero ina halmashauri mbili: Halmashauri ya Mji wa Ifakara, na Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, ambayo zamani iliitwa Halmashauri ya Wilaya ya Kilombero. Ukivuka Daraja la Magufuli kuelekea Lupiro na Mahenge umeshaingia Ulanga. Malinyi nao wana halmashauri yao.

Kila moja ina Baraza lake la Madiwani na sheria ndogo zake. Kwahiyo ada ya meza sokoni Mlimba si lazima ifanane na ya Ifakara, na karatasi ya Ulanga haikusaidii ukiwa Kibaoni.

2. ZINA NGAZI, KAMA NYUMBA YA GHOROFA

Juu kabisa kuna Katiba. Ibara ya 138 inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria ya Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria na wenye nguvu ya sheria hiyo. Chini yake kuna sheria za Bunge. Za kukumbuka ni tatu: Sura ya 287 (mamlaka za wilaya), Sura ya 288 (mamlaka za miji) na Sura ya 290 (fedha za serikali za mitaa). Zote zilitungwa 1982 na zimerekebishwa mara nyingi.

Chini ya hizo ndipo zinakuja sheria ndogo. Madiwani wanapitisha, wananchi wanapewa nafasi ya kutoa maoni na pingamizi, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaridhia, kisha zinachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba ya tangazo.

Vijijini, kwa mfano Mngeta au Chita, kijiji nacho kinaweza kuwa na sheria ndogo zake. Hizo zinapita Mkutano Mkuu wa Kijiji, halafu halmashauri ya wilaya inaziidhinisha. Mtaa wa mjini hauna mamlaka hayo. Mwenyekiti wa mtaa anasimamia sheria, hatungi faini yake mwenyewe.

La kushika hapa: ya chini haiwezi kupingana na ya juu. Mfano, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto. Hakuna sheria ndogo inayoweza kukuruhusu kujenga banda la kudumu pale ukingoni mwa Lumemo, hata kama umelipia.

3. UNAZIPATA WAPI

Ukiwa kafe, anza na tovuti ya halmashauri. Tovuti za halmashauri zetu nyingi zimetengenezwa kwa mfumo mmoja: tafuta sehemu iliyoandikwa "Machapisho", ndani yake kuna "Sheria Ndogo". Usipoiona jaribu TanzLII, wanaweka sheria na matangazo ya serikali bure. Ukipata faili liweke kwenye fleshi, muda wa kafe usikuishie unasoma.

Mtandaoni hakuna? Nenda kwa mtendaji wa kata au kitengo cha sheria cha halmashauri, omba kuona nakala. Wakikuzungusha, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kukujibu. Baki na nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa.

4. USIANZE KUSOMA MWANZO, ANZIA MWISHO

Mkishaipata mtakuta kurasa nyingi na usingizi utakuja. Fanya hivi:

a) Nenda kwenye MAJEDWALI, mwisho kabisa. Humo ndimo zilimo hela: aina ya biashara, kiasi, na kama ni kwa siku, mwezi au mwaka. Wengi wanalizwa hapo, maana ada ya mwezi si ya siku.

b) Rudi kwenye TAFSIRI, vifungu vya mwanzo. Huko wanaeleza neno lina maana gani. Ukikuta "mfanyabiashara mdogo" au "mazao", usikisie. Soma walivyolitafsiri wao.

c) Tafuta kifungu cha MSAMAHA. Mara nyingi kipo kifupi katikati, watu wanakiruka.

d) Soma MAKOSA NA ADHABU. Utakutana na neno "kufifilisha". Maana yake kosa kumalizwa bila kwenda mahakamani. Kwa kawaida lazima ukiri kosa kwa maandishi, kwenye fomu iliyoambatishwa kwenye jedwali. Kwahiyo faini ya mdomo, bila fomu wala risiti, ni ya kuulizia mara mbili.

e) Mwisho angalia juu kabisa: NAMBA YA TANGAZO LA SERIKALI na mwaka, na kifungu cha KUFUTWA kinachotaja zile za zamani zilizokufa. Isije ukawa unabishana kwa karatasi iliyofutwa.

5. TUJARIBU: GUNIA SITA ZA MPUNGA

Chukulia una gunia sita toka Mngeta unaleta Ifakara kukoboa. Kila moja tuseme kilo 100, jumla kilo 600. Umetoka halmashauri moja umeingia nyingine. Getini unaambiwa ushuru wa mazao.

Ukiishia kwenye jedwali utaona kiwango, utalipa. Ila panda ghorofa moja juu, Sura ya 290. Bajeti ya 2017/18 ilishusha ushuru wa mazao toka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Pia ikaelekeza anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja toka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Kilo 600 hazifiki tani.

Umeona? Jibu halikuwa kwenye karatasi ya getini, lilikuwa juu yake. Lakini usitembee na hii ya 2017 kama msahafu. Sheria ya Fedha inapita Bungeni kila Juni na inaweza kubadilisha viwango. Kabla ya msimu wa mavuno, hakikisha toleo la mwaka huo.

6. UKIWA MBELE YA MTOZAJI

Usigombane. Yule kijana wa mashine naye katumwa. Muulize kwa ustaarabu: "Kaka, samahani, hii ni sheria ndogo ipi? Tangazo namba ngapi? Jedwali la ngapi?" Ukilipa, dai risiti ya mashine au lipa kwa namba ya malipo ya serikali. Soma kilichoandikwa: tarehe, aina ya ushuru, kiasi. Hiyo risiti ndiyo ushahidi wako.

Ukiona umeonewa, peleka malalamiko kwa mkurugenzi kwa maandishi na nakala kwa diwani wako. Kama tatizo ni sheria ndogo yenyewe, diwani ndiye mtu wako, maana zinapitishwa na baraza lake. Vikao vya Baraza la Madiwani ni vya wazi, nenda kasikilize. Na siku wakitangaza rasimu mpya wakitaka maoni, tusijifanye tuko bize. Ikishachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, kuibadilisha ni safari ndefu.

Printini jedwali la biashara yenu, ukurasa mmoja tu, bandikeni kwenye genge au kijiweni. Mtozaji akija wote mnasoma kitu kimoja, na mabishano yanapungua.

Naomba kuwasilisha.